Shangazi Akisema Ruhusa

Mbeleje aliuawa asubuhi, uji wa bwaloni ukiwa haujatulia tumboni. Aliyemuua alikuwa mwanamume mwembamba mwenye koti la kahawia, asiye na jina wala mama, maana alikuwa ametengenezwa kwa mwanga mtupu ndani ya chumba cha majaribio. Mwanamume huyo alitia mkono ndani ya koti. Mbeleje akasubiri aone utatoka na nini. Ukatoka na bastola, taa nyekundu ikawaka kwenye fulana yake ya mazoezi, na habari yake ikaishia hapo.

"Ruhusa ilitolewa. Haikutumika," ikasema sauti sikioni mwake, kwa upole wa mtu anayekukumbusha kwamba chai inapoa.

Sauti hiyo makuruta waliiita Shangazi. Ilikuwa na jina rasmi, refu, lililotumika siku za wageni tu. Kila bunduki ya askari wa Jimbo la Kati ilikuwa na kufuli ndani yake, na ufunguo wa kufuli hilo alikuwa nao Shangazi. Yeye ndiye aliyesikiliza maneno, akatazama mikono, akapima mapigo ya moyo wa mtu aliye mbele ya mtutu. Hatari ikizidi kiwango alichowekewa, kufuli hulia tik, naye hutamka neno moja: ruhusa. Kabla ya hapo, hata ukining'inia kwenye traiga na ukoo wako mzima, risasi haitoki. Tangu aje, hakuna askari aliyempiga mtu risasi kwa hasira, kwa pombe wala kwa wivu wa mapenzi. Sifa hiyo tumpe, ni haki yake.

Shida ilikuwa katika Chuo cha Mlangwe, walikofundishwa askari wote wa silaha wa Jimbo. Huko, mwaka hadi mwaka, ruhusa ilikuwa imegeuka amri. Kuruta akilisikia neno hilo alipaswa kufyatua kabla hajapepesa macho. Akichelewa, kafeli. Akifeli mara tatu, anafungasha virago kurudi kwao, hata kama anakimbia kuliko swala na kulenga kuliko mkufunzi. Mbeleje alikuwa ameshafeli mara mbili. Mara ya kwanza mkono wa mtu wa mwanga ulitoka na kitambaa cha kufutia kamasi. Mbeleje akaruka kwa furaha kwamba hakumuua mtu mwenye mafua, akaambiwa kafeli vilevile.

Afande Ngailo, mkufunzi mkuu, alimwita ofisini. Alikuwa mtu mrefu wa makamo, mpole kuliko uso wake. Hakumfokea. Alimwonyesha kiti, akamweleza habari za Koplo Semeni, mwenzake wa zamani wa doria. Siku moja sokoni walikutana na mtu mwenye bunduki, Shangazi akatoa ruhusa, na Semeni akasita ili awe na hakika. Alikufa yeye, wakafa na wauza mboga waliokuwa nyuma yake.

"Alikuwa na moyo mzuri kama wako," Ngailo akamwambia. "Nilimzika nao. Sitaki kukuzika na wewe, mwanangu."

Maneno hayo yalimwingia Mbeleje mpaka kwenye mifupa. Laiti afande angekuwa mkorofi, angemchukia na kuendelea na msimamo wake. Lakini asubuhi ile alikuwa ameuawa kwelikweli kwa kusubiri, na kama ungekuwa mtaa wa watu, angekufa na wengine. Aliogopa kwamba Ngailo alisema kweli. Aliogopa pia kurudi nyumbani. Alipokuwa mtoto, wezi wa ng'ombe walivamia kijiji chao kwa bunduki, na askari mmoja wa kike akasimama mlangoni kwao mpaka wezi wakakata tamaa. Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine duniani.

Akaamua kujifunza kutosubiri.

*

Aliyemfundisha ni Elinami, kuruta bora wa mkupuo wao. Elinami alikuwa amezaliwa na kukulia kwenye maghorofa ya Mlangwe, mahali ambapo watu huagiza hata chumvi kwa kubonyeza ukutani. Hakuwa na majivuno. Jioni baada ya kwata walisimama nyuma ya bwalo na bunduki zisizo na risasi, naye akamweleza siri yake yote kwa moyo mweupe: usimwangalie mtu, sikiliza neno. Neno likiingia sikioni, acha kidole kiende chenyewe. Ukianza kuangalia macho ya mtu umekwisha, kwa sababu kila mtu ana macho ya kuhurumiwa.

Mbeleje alifanya mazoezi mpaka mkono ukafa ganzi. Mwisho wa juma kidole chake kilikuwa kimetii kiasi cha kutisha. Asubuhi moja mpishi alipita kati ya meza na sufuria la maharage, akasema, "Naomba ruhusa jamani, moto huo." Kidole cha Mbeleje kikajikunja juu ya kijiko. Elinami aliona, akacheka mpaka chai ikamtoka puani, akampongeza. Mbeleje naye alicheka, ila maharage hakuyamaliza.

Jaribio la tatu halikufanyika chumbani. Makuruta wa mwisho walipelekwa kwenye doria ya kweli na bunduki za kweli, mkufunzi akiwatazama kupitia kamera za vifuani mwao. Mbeleje na Elinami walipangiwa kitongoji cha Chilolwe, kwenye mazishi. Shangazi, ambaye huchungulia jumbe zinazozungushwa hadharani kwenye simu za watu, alikuwa amenusa ghasia. Siku mbili nzima watu walikuwa wakiandikiana kwamba Mzee Ndahani hazikwi bila damu kumwagika, kwamba mapanga yameshanolewa, na kwamba mjane ajiandae kumfuata mumewe. Marehemu alikuwa msuluhishi wa ugomvi wa malisho, na ugomvi wenyewe ulikuwa bado mbichi. Kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu karandinga lilipowashusha vijana wawili wenye silaha pembeni ya makaburi. Ngailo alibaki ndani ya gari na skrini zake.

Msiba ulikuwa msiba kama mingine. Turubai, viti vya plastiki, wanaume wameshika mashavu, wanawake upande wao wakichagua mchele kwenye sinia huku mmoja akichochea moto. Mbeleje, Mgogo wa hukohuko bara, aliwaamkia kwa lugha yao "Mbukwenyi" wakaitikia vizuri, ijapokuwa waliitazama bunduki kwa jicho la pembeni. Elinami alisimama kama mlingoti. Kwao maghorofani misiba huendeshwa na kampuni, watu hukaa kimya kwa mistari, na jeneza hushuka kwa lifti.

Jeneza lilipofika ukingoni mwa kaburi, mtu akatoka nyuma ya migomba anakimbia.

Alikuwa mzee, amejipaka majivu uso mzima. Amevaa koti la suti lililomfika magotini, na mkononi ana panga linalong'aa. Aliruka tuta la udongo, akasimama juu ya kaburi akihema, akapaza sauti kwamba huyu mtu hazikwi. Nani kawapa idhini ya kumzika bila yeye? Atakayegusa jeneza anamkata shingo. Kisha akamgeukia mjane, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akamwinulia panga juu ya kichwa na kumwambia leo ni leo, anakwenda na mume wake shimo moja.

Makufuli mawili yakalia kwa pamoja. Tik.

"Ruhusa," akasema Shangazi.

Kidole cha Mbeleje kikaenda chenyewe.

Alikihisi kikienda. Kilifika kwenye traiga na kuanza kuivuta, na yeye mwenye kidole akawa kama mtazamaji. Mbele yake palikuwa na panga la kweli, maneno ya kweli na kichwa cha mwanamke. Nyuma ya macho yake palikuwa na yule mtu wa koti la kahawia. Akatamani kufyatua, na asidanganye mtu yeyote kwamba hakutamani. Kilichomzuia ni kitu kidogo. Mwanamke wa pembeni, mwenye sinia la mchele, alikuwa ameokota jiwe dogo mcheleni, akalitupa, na akaendelea kuchagua.

Hakuinuka wala hakupiga yowe. Mbeleje akaacha kulitazama panga, akawatazama watu. Wanaume walikuwa bado wameshika mashavu, lakini mmoja alikuwa amejiuma midomo. Yule wa motoni alikuwa akichochea. Mtoto wa miaka kama mitatu alikuwa amekaa kwenye tuta la udongo, karibu kabisa na miguu ya mwenye panga, na mama yake alimwona na hakujisumbua kumwondoa. Mjane alikuwa amejifunika khanga usoni na mabega yanatikisika, na mtu wa mbali angeapa kwamba analia.

Watani, Mbeleje akajiambia. Hawa ni watani, Mungu wangu.

Lafudhi ya mzee ilikuwa ya Kinyamwezi, na Wagogo na Wanyamwezi wameutunza utani huo tangu enzi za misafara, na msibani ndipo unapokolea. Mtani huvaa nguo za marehemu, humtukana, huzuia kaburi na kutishia kuua, ili wafiwa wapate pa kupumulia. Kadiri alivyompenda marehemu ndivyo anavyozidisha. Jumbe zote zile za damu na mapanga zilikuwa mzaha wa watu wanaojiandaa kulia. Shangazi alikuwa amesikia kila neno, na kati ya wote waliomfundisha kusikia, hakuna aliyemfundisha kutaniwa.

Haya yote yalimpitia kichwani kwa muda wa pumzi moja, na pumzi hiyo ilikuwa ndefu mno kwa Elinami. Bunduki yake ilikuwa begani, shavu limelala kwenye kitako. Kumpigia kelele kusingesaidia, kwa sababu alikuwa amejifunza kusikia neno moja tu. Ila kulikuwa na jambo ambalo kila kuruta alilijua: kitambulisho kilichoshonwa kwenye kombati ya askari au kuruta kikipita mbele ya mtutu wa mwenzake, kufuli hujifunga. Chuoni waliita kuziba mstari. Aliyeziba mstari kwa makusudi alifukuzwa chuoni, bila kungoja kufeli mara ya tatu.

Mbeleje akaruka mbele ya bunduki ya Elinami, akageukia kaburi.

Nyuma yake kufuli likajifunga na traiga ikabonyezwa, vyote kwa wakati mmoja, na risasi haikutoka. Elinami alikuwa amefyatua. Mgongo wa Mbeleje ukawa baridi kama bati la asubuhi. Akaishusha bunduki yake, akaitupia mgongoni, akatembea mpaka kwenye tuta. Akamtazama yule mzee kuanzia kwenye majivu hadi miguuni.

"We Mnyamwezi," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani bila kupumzika. Wewe panga moja tu, mkono unakutetemeka? Tua mzigo, tumzike mtu wetu."

Kisha mjane akafunua khanga, na kumbe muda wote alikuwa akizuia kicheko. Kikamtoka. Kikawashika wanawake wa mchele, kikawafuata wanaume, mpaka mtu mmoja akaanguka na kiti chake cha plastiki.

"Mgogo amevaa buti!" mzee akasema, ameduwaa. "Jamani, njooni mwone maajabu. Na bunduki wamempa ombaomba, ili awaombe watu vizuri zaidi."

Wakacheka tena. Mzee naye akacheka, panga likamponyoka na kuanguka kwenye udongo, na katikati ya kicheko hichohicho uso ukamvunjika akaanza kulia. Alilia kwa sauti, ameshika kola ya koti lisilo lake. Alikuwa Mzee Mihayo, rafiki wa Ndahani tangu ujana wao, na huko ndiko kulikuwa kuaga kwake. Mjane akainuka, akamshika mkono, wakasimama pamoja wakati jeneza likiteremshwa.

Elinami alikuwa bado mahali pale pale, ameshika bunduki iliyojifunga. Alimuuliza Mbeleje, taratibu sana, yule babu alikuwa anacheza? Mbeleje akajibu kwamba alikuwa anazika. Elinami akakaa chini kwenye nyasi na kombati yake safi, akaficha uso.

*

Kamishna Tausi alikuja mwenyewe kusikiliza shauri. Alikuwa mama mfupi, mkavu wa maneno, na hakupenda kupotezewa muda. Ukumbi ulijaa makuruta, ambao siku mbili tu zilizopita walikuwa wamekwisha kuvishwa beji za kufaulu. Wao walikuwa arobaini kasoro mmoja, na huyo mmoja alisimama mbele peke yake.

Shtaka lilisomwa: kutotumia ruhusa kwa mara ya tatu, na kuziba mstari kwa makusudi. Mbeleje alikiri yote mawili. Kamishna akasema kwamba mwisho wa Chilolwe ulikuwa mzuri, hilo halina ubishi, lakini chuo hakiendeshwi kwa bahati. Akamuuliza kuhusu yule mtu wa koti la kahawia. Huyo alisubiriwa, akaua. Je, leo angemfanyaje?

Mbeleje hakuwa amejiandaa kwa swali hilo, na kwa hiyo akajibu ukweli.

"Sijui, afande. Pengine angeniua tena." Ukumbi ukanong'ona. "Lakini mle chumbani alikuwa peke yake. Kuna yeye na mimi tu. Hamna mama anayechagua mchele, hamna mtoto, hamna jirani wa kukimbia wala wa kutokimbia. Chilolwe nilijua kwa kuwatazama watu, afande. Chumba chenu kina mhalifu tu, ndiyo maana kila tunayemwona nje tunamwona mhalifu. Na kuhusu neno, Kiswahili changu ni cha nyumbani, lakini mama akinipa ruhusa ya kwenda ngomani, nisipokwenda sijamvunjia amri. Ruhusa ni naweza. Haijawahi kuwa lazima."

Kamishna alimgeukia Ngailo, aliyekuwa amekaa kando kama shahidi wa chuo. Kabla Ngailo hajafungua mdomo, Elinami alisimama kati ya makuruta bila kuitwa.

"Naomba nisikilizwe. Siku ile mimi ndiye niliyefaulu. Nina maksi zote, mnazo. Nilifyatua kwa wakati. Kwa kanuni zenu mimi ni askari bora wa mkupuo huu, na yule babu angezikwa na rafiki yake. Mkimfukuza huyu, mtabaki na mimi."

Ngailo aliinuka polepole. Wote walijua habari za Semeni, na wote walitarajia amtaje. Akamtaja. Akasema kwamba sokoni siku ile watu walikuwa wakikimbia, kila mtu, wameacha viatu na vikapu, na kwamba Semeni alikuwa amekaza macho kwa mwenye bunduki tu, akitafuta hakika kwenye uso wake. Angegeuza shingo kidogo angeipata hakika hiyo kwa wauza mboga. Miaka yote alikuwa akifundisha watu haraka, kumbe alipaswa kuwafundisha pa kutazama. Alisema hayo bila kulia, lakini ilimbidi ashike meza.

"Huyu msimfukuze, afande," akamalizia. "Nipeni mimi. Namhitaji kwenye ule chumba."

Kamishna Tausi alikwaruza meza kwa ukucha. Kisha akatoa uamuzi, naye alikuwa mtu wa kuamua mara moja. Kuanzia siku ile hakuna atakayepewa silaha katika Jimbo la Kati kwa wepesi wa kidole peke yake. Chumba kitajazwa watu, wa misiba, wa harusi, wa sokoni na wa ugomvi wa kweli, na kuruta atapimwa kwa kufyatua inapobidi na kwa kuacha inapobidi, uzito uleule. Shangazi naye atapelekwa misibani akasikilize mpaka aelewe, au anyamaze. Mbeleje amefaulu. Ataingia kikosini na beji, na kazi yake ya kwanza itakuwa kukiandaa chumba hicho na kusimamia jaribio lake.

Mbeleje alisikia "amefaulu" na baada ya hapo hakusikia vizuri. Alijiona yuko imara kwenye miguu yake na machozi yanamshuka bila kumwomba mtu. Kamishna alimbandika beji kifuani mwenyewe, akainyoosha, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake mzazi alikuwa Mnyamwezi, na kwamba habari ya mizigo wataizungumza siku nyingine.

Kisha akawaambia waliobaki kwamba kanuni mpya haiwagusi. Wao walikwisha kufaulu kwa ile ya zamani, beji ni zao, watawanyike.

Hawakutawanyika. Elinami alitoka kwenye mstari, akavuka ukumbi, akabandua beji yake na kuiweka mezani mbele ya kamishna. Akaenda kusimama mbele ya Mbeleje, mikono ubavuni, kama kuruta wa siku ya kwanza. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akamfuata. Wakafuata wawili, kisha safu nzima, buti zikigonga sakafu, beji zikirundikana mezani mpaka kamishna akasogeza miwani yake kuzipisha. Hakuna aliyewaamuru. Walijipanga mstari mmoja mrefu uliotoka mlangoni ukaingia uwanjani, juani, na wapishi wakaacha masufuria kuja kutazama.

Mbeleje alipita kando ya mstari huo kuuhesabu uso kwa uso. Alipofika mwisho alimkuta mtu mrefu wa makamo amesimama nyuma ya kuruta wa mwisho, kombati imenyooka, na mahali pa beji yake pakiwa na matundu mawili madogo ya pini.

"Afande Ngailo," Mbeleje akasema.

"Leo niite kuruta," Ngailo akamjibu, akitazama mbele. "Nangoja zamu yangu."